Kabla hujabofya "Nakubali": namna ya kukagua leseni ya programu ya kutengenezea vitabu vya kidijitali

Tarehe 19 Januari 2012, katika jumba la makumbusho la Guggenheim jijini New York, Apple walitangaza programu ya bure iitwayo iBooks Author. Mwalimu mwenye kompyuta ya Mac angeweza kuburuta maandishi, picha, video na maswali ya kujipima, akatoka na kitabu cha kiada kinachopendeza kwenye iPad, bila kulipa hata senti na bila kujua kuandika msimbo. Wachapishaji wakubwa wa Marekani, Pearson, McGraw-Hill na Houghton Mifflin Harcourt, walikuwa wameshajiunga, na vitabu vya sekondari vikawekewa bei isiyozidi dola 14.99.

Kisha watu wenye tabia ya kusoma maandishi madogo wakafungua leseni ya programu hiyo. Kwa ufupi ilisema hivi: ukitoza fedha kwa kitabu au kazi yoyote uliyoizalisha humu, utaiuza kupitia Apple tu.

Programu yenyewe haipo tena. Apple waliiondoa kwenye duka lao tarehe 1 Julai 2020 na kuwaelekeza watumiaji kwenye Pages, programu yao ya kuandikia. Lakini kwa kujifunzia kusoma leseni sijaona mfano unaoizidi, kwa hiyo nitaurudia sana humu. Ninamwandikia mtu anayetunga mwenyewe na kuuza mwenyewe: mwalimu mwenye notsi zake, mtunzi wa riwaya anayetuma PDF kwa WhatsApp baada ya kuona ujumbe wa M-Pesa, kituo kidogo kinachoendesha kozi za kulipia. Huu si ushauri wa kisheria. Kitabu chako kikishaanza kuingiza fedha za kugombaniwa, mlipe wakili.

Hatua ya 1: Tenganisha maandishi, programu na faili

Ugomvi mwingi wa leseni huanza kwa kuvichanganya vitu hivi vitatu.

Maandishi ni yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 zinamlinda mtunzi tangu anapoiandika kazi yake. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, KECOBO ya Kenya au COSOTA ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mzozo, ila haki ulikuwa nayo tangu mwanzo. (Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA.)

Programu si yako, hata kama umetoa fedha nyingi. Ulichonunua ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka iliyoandikwa.

Faili ndilo lenye utata. Ndani yake yamo maneno yako, lakini limefumwa kwa zana za kampuni, pengine kwa muundo ambao kampuni hiyo pekee ndiyo inayoumiliki. Katika kisa cha iBooks Author, Apple hawakudai kwamba maneno ya mwandishi ni mali yao. Walifunga njia ya kuliuzia faili. Aliyesoma leseni akitafuta neno hakimiliki peke yake angeridhika, akafunga ukurasa, na kifungo chenyewe kingempita.

Chora jedwali dogo kwenye daftari: maandishi, picha, fonti, programu, faili la mwisho. Mbele ya kila kimoja andika nani mwenye haki na ni karatasi gani inayosema hivyo. Pale utakaposhindwa kujaza ndipo pa kuchimba katika hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Ipate leseni ya toleo ulilonalo, uihifadhi

Ukurasa wa matangazo wa programu si leseni, na maelezo ya kijana wa dukani pia si leseni. Kwenye Mac, fungua menyu yenye jina la programu, kisha sehemu ya "About". Kwenye Windows mara nyingi inakaa chini ya "Help", au ndani ya folda ya programu katika faili lenye jina "LICENSE" au "EULA". Programu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari huiweka chini kabisa ya ukurasa wa mbele, kwa herufi za kijivu.

Ihifadhi kama PDF na uipe jina lenye mambo matatu: jina la programu, namba ya toleo na tarehe ya siku hiyo. Masharti hubadilika. Leseni ya iBooks Author ilirekebishwa mwanzoni mwa Februari 2012 lilipotoka toleo 1.0.1, majuma mawili tu baada ya kuzinduliwa. Leseni ya Office 2013 ya kununua dukani ilitoka ikiwa imeifunga programu kwenye kompyuta moja maisha yake yote, kompyuta ikifa na leseni inakufa nayo. Wateja wakalalamika, na Machi 2013 Microsoft wakaruhusu kuihamisha. Mara zote mbili mabadiliko yaliwafaa watumiaji. Hakuna anayekuhakikishia kwamba yanayofuata yatakuwa hivyo, na bila nakala yako huwezi kuonyesha ulikubali nini na lini.

Leseni nyingi ni za Kiingereza cha wanasheria. Usianze juu kushuka chini, utachoka ukiwa bado kwenye fasili za maneno. Bonyeza Ctrl na F (kwenye Mac ni Command na F), kisha tafuta maneno haya moja baada ya jingine: "fee", "sell", "distribute", "solely", "commercial", "output", "embed", "terminate". Kila linapotokea, soma aya nzima na kifungu kinachotangulia. Wengine siku hizi huipa akili mnemba (AI) waraka wote na kuomba muhtasari. Ni sawa kwa kujua kifungu gani kiko wapi. Usiuamini muhtasari huo kwa uamuzi wa fedha, kwa sababu katika leseni uzito mara nyingi umekaa baada ya neno "isipokuwa", na hapo ndipo muhtasari unaporuka.

Hatua ya 3: Soma kila sentensi inayogusa kile kinachotoka ndani ya programu

Hapa usiwe na haraka. Rudi kwenye iBooks Author, kifungu cha 2B, tukisome kama anavyopaswa kukisoma mtu mwenye kitabu mkononi.

Kwanza kilisema kwamba ukiitoa kazi yako bure, unaweza kuisambaza kwa njia yoyote. Vizuri. Kisha kikasema ukiitoa kwa malipo, ikiwemo kama sehemu ya bidhaa au huduma ya kujiandikisha na kulipia, utaisambaza kupitia Apple tu, tena baada ya kuingia nao mkataba mwingine wa maandishi. Tazama hayo maneno ya katikati. Kituo cha masomo ya ziada kinachotoza ada ya mwezi na "kuwagawia bure" wanafunzi wake kitabu kilichotengenezwa humo, kwa macho ya leseni hakijagawa bure. Kimeuza. Kwa hiyo unapokuta neno la malipo, usitosheke na kujua kwamba lipo. Tafuta leseni inahesabu nini kuwa malipo.

Pili, ni faili gani linalohusika? Leseni ya kwanza ilitaja kitabu au kazi nyingine yoyote uliyoizalisha kwa programu. Upana huo ulimeza hata PDF, ambayo ni muundo wa wazi unaotengenezwa na programu mia. Marekebisho ya Februari ndiyo yaliyofafanua kwamba kifungo kinahusu faili za muundo wa .ibooks, si PDF wala maandishi matupu.

Tatu, na hiki ndicho kilichonikera kuliko vyote: Apple walijipa haki ya kuikataa kazi yako kwa sababu yoyote, na mstari unaofuata ukasema hawatawajibika kwa gharama wala faida uliyoikosa, ikiwemo kwa sababu ya kukataliwa huko. Unganisha vifungu viwili. Huruhusiwi kuuza kwingine. Nao hawalazimiki kukuuzia. Ni mwenye mashine ya kusaga anayekusagia mahindi yako bure, halafu anakuambia unga usiuze popote ila dukani kwake, na akipenda asiupokee. Kifungu kimoja kimoja kinaweza kuonekana cha kawaida. Visome kwa jozi: kinachokuzuia na kinachompa mwenzio uhuru.

Tujaribu kwa mfano. Mwalimu wa Baiolojia Morogoro ametengeneza kitabu cha Kidato cha Pili kwa iBooks Author mwaka 2012. Akiwapa wanafunzi faili la .ibooks bure, yuko salama tangu siku ya kwanza. Akiuza faili hilohilo kwenye flashi kwa shilingi 5,000, amevunja leseni ya Januari na ya Februari. Akiuza PDF yake kwa WhatsApp, ya Januari inamkamata na ya Februari inamwachia. Akichukua maandishi yake aliyoyaandika kwenye Word na kutengeneza EPUB (muundo wa wazi wa vitabu vya kidijitali) kwa programu nyingine kabisa, leseni hii haimhusu. Kitabu ni kilekile, mwandishi ni yuleyule, na jibu linabadilika kwa kutegemea faili, bei na toleo la masharti. Fanya zoezi hilohilo kwa programu uliyonayo: andika njia zote unazokusudia kuuzia, kisha uipitishe kila njia kwenye leseni.

Usichanganye hili na mkataba wa duka. Huduma ya KDP Select ya Amazon, kwa mfano, inakutaka kitabu chako cha kidijitali kisipatikane popote pengine kwa siku 90, na muda huo hujirudia wenyewe usipojitoa. Ni kifungo kizito, lakini unakiingia kwa hiari, kina mwisho unaojulikana, kinahusu toleo la kidijitali tu, na unaweza kuuza Amazon kupitia KDP, huduma yao ya kujichapishia vitabu, bila kujiunga nacho. Leseni ya programu inayofunga faili hukufuata tangu ulipobofya kitufe cha kwanza, kabla hata hujaandika sura ya pili.

Hatua ya 4: Hakikisha leseni yako inaruhusu biashara

Wengi hawafikirii kabisa kwamba Word wanayoandikia inaweza kuwa si ya biashara. Fungua Word, bofya "File", kisha "Account". Upande wa kulia chini ya nembo utaona jina kamili la bidhaa. Ukiona "Home and Student" ya 2013, 2016 au 2019, leseni zake zinasema programu haitumiki kwa shughuli za kibiashara wala za kujipatia kipato. Riwaya unayokusudia kuiuza ni shughuli ya kipato.

Je, kuna mtunzi aliyewahi kufuatwa nyumbani kwa sababu hiyo? Mimi sina kisa cha kukusimulia. Lakini mchapishaji, mfadhili au taasisi ikikutaka utie saini kwamba kazi imetengenezwa kwa zana halali, utataka kutia saini bila kutetemeka. Leseni za wanafunzi na walimu za kampuni nyingine nazo zikague kwa jicho hilohilo, hasa ile uliyoipata kupitia barua pepe ya chuo. Ukihitimu, chuo kinaweza kuifunga akaunti, na mswada wako ukabaki umefungiwa ndani.

Kuhusu programu zilizochakachuliwa zinazouzwa kwenye flashi: hapo hakuna leseni ya kukagua. Programu za kompyuta zinalindwa na sheria zilezile za hakimiliki zinazolinda kitabu chako. Inachekesha kidogo, na inaudhi zaidi, kuona mtunzi analalamika PDF yake inasambazwa bure kwenye makundi ya Telegram huku ameitengeneza kwa programu ya wizi.

Hatua ya 5: Kagua fonti, picha na violezo peke yake

Programu huja na fonti nzuri nzuri, na kuziona kwenye orodha si ruhusa ya kuzipachika ndani ya kitabu unachouza. Leseni ya fonti ni karatasi yake. Fonti moja inaweza kuruhusu uchapaji wa karatasi na kupachikwa kwenye PDF, ikakataa kupachikwa ndani ya EPUB, kwa sababu EPUB humpa msomaji faili la fonti karibu zima. Kama hutaki kusoma leseni tano za fonti, tumia zilizotolewa chini ya SIL Open Font License: Gentium, Charis SIL na familia ya Noto. Zinaruhusu kupachikwa kwenye kazi ya kuuza, na zina alama utakazozihitaji ukinukuu Kiarabu kwa hati za Kilatini au ukiandika lugha zetu zenye irabu za ziada.

Picha ni hivyohivyo. Wengi wetu tunatengeneza majalada kwa Canva. Masharti yao hayakuruhusu kuuza mchoro wa hazina yao peke yake bila kuubadilisha, wala kuusajili mchoro huo kama alama ya biashara. Kwa jalada la kitabu kimoja hilo halikusumbui. Kwa mtu anayetaka mchoro huohuo uwe nembo ya mfululizo wa vitabu vyake, linasumbua sana.

Hatua ya 6: Tazama wewe unawapa wao haki gani

Programu zinazohifadhi kazi yako kwenye seva zao lazima ziombe ruhusa ya kuinakili, la sivyo haziwezi hata kukuonyesha faili lako kwenye simu nyingine. Kwa hiyo usishtuke ukikuta neno "license" likielekea upande wa pili. Tazama mipaka yake: ni kwa ajili ya kuendesha huduma tu, au pia kwa "kuboresha bidhaa"? Inaisha ukiifuta kazi? Inaruhusu kazi yako kufundishia akili mnemba?

Juni 2024 Adobe walilazimika kueleza na kuyaandika upya masharti yao baada ya wasanii na waandishi kuyasoma na kuona kana kwamba kampuni imejipa ruhusa ya kuingia kwenye kazi zao na kuzitumia. Adobe walisema hawafundishi akili mnemba kwa kazi za wateja, wakaliweka hilo kwenye masharti. Ukikuta kifungu cha namna hiyo hakieleweki, waandikie kampuni barua pepe, na jibu lao uliweke kwenye folda moja na ile PDF ya leseni.

Hatua ya 7: Uliza itakuwaje leseni ikifa

Inaweza kufa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni wewe kuacha kulipa. Adobe waliacha kutengeneza matoleo mapya ya InDesign, programu yao ya kupanga kurasa za vitabu, ya kununua moja kwa moja mwaka 2013, wakahamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka. Ukiacha kulipia InDesign, faili zako za .indd bado ni zako na zimo kwenye diski yako, lakini huna cha kuzifungulia. Ndiyo maana kila kazi ikikamilika ni lazima kuihifadhi pia kama IDML, muundo ambao matoleo ya zamani ya InDesign na baadhi ya programu nyingine zinaweza kuusoma.

Ya pili ni kampuni kuiua bidhaa, kama Apple walivyoiondoa iBooks Author. Aliyekuwa nayo kwenye kompyuta aliendelea kuitumia kwa muda, lakini programu isiyosasishwa inategemea mfumo wa kompyuta usibadilike, na mfumo hubadilika. Vifaa vyake vya kupendeza, picha za kugusa na maswali ya kujipima, havikuwa na njia nyepesi ya kuhamia kwingine.

Ya tatu watu huisahau: sheria za nchi ya kampuni. Oktoba 2019 Adobe waliwatangazia watumiaji wa Venezuela kwamba akaunti zao zingefungwa kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani, na wakawapa hadi tarehe 28 ya mwezi huo kupakua faili zao. Siku ya mwisho kampuni ikapata kibali cha serikali ya Marekani na huduma zikaendelea. Msanifu wa Caracas hakuwa amekosa chochote. Katika leseni yako, vifungu vya namna hii viko karibu na maneno "export" na "terminate". Huwezi kuvijadili. Unaweza kuhakikisha kwamba siku vikitumika, mswada wako hauko ndani ya akaunti hiyo peke yake.

Mimi huwashauri watu hivi: andika na uhariri kwenye faili la kawaida, .docx au .odt, na hilo ndilo liwe mama. Programu ya kibiashara iingie mwishoni, kwa ajili ya kupamba. Marekebisho ya maneno yafanyike kwenye faili mama kwanza, hata kama ni koma. Inachosha, najua.

Hatua ya 8: Jaribu mlango wa kutokea kabla hujaingia

Usisubiri kitabu kikamilike. Tengeneza kurasa tatu za majaribio: kichwa cha sura, aya mbili, picha moja, jedwali dogo na tanbihi moja. Zitoe kwa kila muundo programu inaoutoa.

Kisha fungua EPUB uliyoipata kwa programu isiyo ya kampuni hiyo. Thorium Reader ni ya bure, na Calibre pia. Ikifunguka vizuri, bado endelea: tengeneza nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina kutoka .epub kuwa .zip, uifungue kama folda ya kawaida. Ndani utaona faili dogo liitwalo "mimetype". Lifungue kwa Notepad. Lina mstari mmoja tu, na katika EPUB halisi mstari huo ni application/epub+zip. Faili za .ibooks nazo zilikuwa zip, zenye kurasa na mitindo inayofanana sana na EPUB, lakini mstari huo ulisomeka application/x-ibooks+zip, na kurasa zake zilitumia nyongeza ambazo ni programu ya Apple tu iliyozielewa. Tofauti ya herufi chache ndiyo iliyoamua kama duka jingine lingelipokea. (Kubadilisha mstari huo kwa mkono hakukuondolei masharti ya leseni uliyoyakubali. Nimeona watu wakidhani kunaondoa.)

Maliza kwa kuipitisha EPUB kwenye EPUBCheck, chombo cha bure cha kukagua usahihi wa muundo huu, ambao tangu 2017 unasimamiwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Programu ikikupa faili la muundo wake, kama .kpf ya Kindle Create ambayo ni ya kupakiwa KDP, fahamu kwamba faili hilo ni la duka hilo, na kwa maduka mengine utahitaji jingine.

Kama majaribio yanakukatisha tamaa, zipo njia zisizo na vifungo hivi. LibreOffice inatoa EPUB tangu toleo la 6.0 la Januari 2018. Sigil na Calibre, nazo za kutengenezea EPUB, ziko chini ya GPL, leseni ya programu huria, na GPL inahusu programu yenyewe. Kitabu ulichokitengeneza kwa programu hizo unauza utakako, kwa bei utakayo. Uzuri wa kurasa hautafikia ule wa programu za kulipia bila kazi ya ziada. Kwa riwaya isiyo na picha nyingi, tofauti hiyo msomaji wa simu haioni. Kwa kitabu cha watoto chenye picha kila ukurasa, ataiona, na hapo mimi mwenyewe ningelipia programu nzuri.

Hatua ya 9: Ukimpa mtu kazi, andika kwenye makubaliano

Waandishi wengi hawaigusi programu kabisa, wanampa msanifu. Leseni ni ya msanifu, na fonti ni zake pia. Baada ya miaka miwili unataka kusahihisha makosa ya chapa, simu yake haipatikani, na ulichonacho ni PDF isiyoharirika.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, muulize anatumia programu gani, leseni yake ni ya aina gani, na fonti amezitoa wapi. Msanifu mzuri hatakasirika. Kisha yaandikeni, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp ambao yeye anajibu "sawa": pamoja na PDF ya kuchapia, atakukabidhi faili chanzo, IDML kama ametumia InDesign, EPUB iliyopita EPUBCheck, picha zote kwa ukubwa wake wa awali, orodha ya fonti pamoja na leseni zake, na maandishi ya mwisho yaliyohaririwa katika .docx. Wengine hutoza zaidi kwa faili chanzo, na ni haki yao. Ulizeni na kukubaliana bei hiyo mwanzoni, kwa sababu baada ya kitabu kutoka huna tena nguvu ya kupatana. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kupokea faili zote na kuzifungua moja moja kwenye kompyuta yako, si ya kwake.